Kawa Lisilofunuliwa

Mtaa wa Kibokoni,
Mji wa Kale,
Mombasa.

12 Februari 2024

Mpendwa mwanangu Abdulhalim,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya neno lolote nakuuliza hali, mwanangu. Wajionaje? Kile kikohozi cha vumbi la bandari ya Salala kimekuacha? Chakula wala ukashiba, au wajipitishia chai na mkate mkavu kama ulivyokuwa ukifanya hapa ukichelewa kazini? Jua la huko wanambia ni kali, na mimi nalihisi huku kifuani mwangu. Funga kitambaa kichwani, usiwaige wanaojiona mashujaa.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, kila mtu na wake uzima. Babako akusalimu sana. Magoti yamemtulia, hata Ijumaa alijikongoja mpaka Liwatoni kuwaangalia wenziwe wa zamani wa samaki, akarudi na nguru mzima kampakata kama kitoto kichanga. Mwanao Ruweida akusalimu. Jino la mbele limeng'oka, akisoma alhamdu yatoka na upepo, na babu yake hucheka mpaka machozi. Asema umletee baiskeli ya rangi ya waridi, si nyekundu. Amesimama hapa begani kwangu mpaka nikaandika: si nyekundu.

Becky, mpangaji wetu wa juu, akusalimu na asema nikwambie nyumba haijaanguka. Mahfudha jirani akusalimu pia, asema usipomletea udi wa huko atakutangaza mtaa mzima kuwa umeota mapembe. Hata yule paka wako chongo yu hai, kazaa tena chini ya ngazi.

Na Tumu, mkeo, akusalimu. Salamu zake nimeziweka mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyenikalisha leo niandike.

Utasema, mama, siku hizi barua? Hati yangu waijua, kama kuku aliyepita kwenye unga, na darasa nililofika halikunipeleka mbali. Ukikuta neno limepinda, lisome kwa moyo. Lakini kwa simu sikuweza. Simu yako huja kwa Tumu, naye huipokea kabla haijalia mara mbili, akakwambia sote wazima, tumepika hiki, tumekula kile. Nikipewa mimi, yeye yupo hapo mbele yangu anitazama usoni. Niseme nini? Nilimwomba Becky simu yake siku moja nikakupigia, ukaitika kwa haraka uko kazini, mashine zavuma, nikakuuliza habari ya kikohozi nikakata. Neno hili lingenitoka kwa kilio, nawe ungeogopa bure ukiwa juu ya winchi. Basi Masha, mwenzako wa kazini aliyekuwa likizo huku, alipokuja kutuaga, nikasema huyu ndiye njia yangu. Nitampa barua hii na mkebe wa achari ya maembe, pamoja na visheti. Visheti ni vya Tumu. Nilimwambia apike vichache vya kukupelekea, akapika karai baada ya karai mpaka vikajaa ndoo ya kufulia, na bado alikuwa akikanda unga.

Sasa kaa chini, mwanangu. Hakufa mtu.

Wakumbuka siku ulipoondoka? Ulisimama mlangoni, ukanibusu mkono, ukambusu babako, kisha ukamgeukia Tumu mbele yetu sote ukamwambia, "Nyumba na wazee nakuachia wewe. Usiwaache hata siku moja." Ni maneno ya kila msafiri hayo. Babako naye aliniambia vivyo hivyo alipokuwa akienda Lamu, akanikazia macho hasa, nami jioni ile ile nilikuwa nishafika harusini Kuze na wanja machoni. Ndivyo watu wanavyoagana. Anayebaki hulia kidogo, akajipangusa, akaendelea na dunia.

Tumu hakuendelea na dunia. Yeye aliyachukua maneno yako kama mtu anavyopewa amana ya yatima.

Usiku ule akakuwekea fungu lako chini ya kawa, lile la ukindu la kufunikia chakula, na sisi hatukushangaa, kwa kuwa ndiyo mila ya nyumba hii. Bibi yako alituachia kuwa msafiri huwekewa sahani yake wiki ya kwanza, na asubuhi hupewa mtu mwenye haja, ili njia imfungukie. Wiki ikapita, Tumu akaendelea kuweka. Mwezi ukapita, yumo vile vile. Wali, nazi, samaki wako wa kupaka, kipande cha ndimu pembeni, kawa juu yake. Tukamsifu, Abdulhalim. Nani asingemsifu? Mahfudha akiingia hulitazama lile kawa akasema, "Fadhiya, huyu mkaza mwana ulimuokota wapi? Wangu mimi hata mume aliyeko hamwekei!" Tukacheka. Tumu huinamisha kichwa akatabasamu, na kesho yake nyumba huzidi kung'aa.

Tangu mvua za vuli mambo yakaanza kugeuka, pole pole, kama rangi ya ukuta usioiona ikififia kwa kuwa walala nayo. Chakula kile akaacha kukitoa. Kikipoa hukipasha moto. Kikiharibika hukimwaga mwenyewe, asitake mtu amsaidie, akapika kingine akakiweka pale pale. Mapazia ya sebuleni huyafua leo, yakikauka huyafua tena. Kanzu zako zilizo kabatini huzitoa na kuzipiga pasi, ilhali hazikuvaliwa. Yeye mwenyewe hali. Akikaa nasi hukata tonge akazungusha, akamtilia Ruweida. Bangili zile ulizomletea mahari zamtoka mkononi akiosha vyombo, sasa amezifunga kwenye ncha ya leso.

Na hasemi neno baya, ndipo ugumu ulipo. Angenuna, ningejua ana langu moyoni. Angelia, ningemkumbatia. Lakini nikimuuliza, "Mwanangu, una nini?" hunijibu, "Sina kitu, mama. Nikutilie chai?" Na kabla sijasema ndiyo, chai ishakuja.

Siku moja nikamuona Ruweida ameketi kibarazani na vikombe vyake vya kuchezea. Amefunika kimoja kwa kifuniko cha mkebe. Mtoto wa Mahfudha akanyoosha mkono, Ruweida akamwambia kwa sauti ya mtu mzima, "Usiguse! Mwenyewe hajaja." Nikaingia ndani nikatafuta kazi ya kufanya, nisiipate.

Sasa nikupe kisa cha sinema, maana pale ndipo nilipofunguka macho. Usinicheke. Ndiyo, mamako alikwenda sinema.

Becky alipewa kadi za mwaliko kazini kwao, pale ofisi ya kutoa mizigo Kilindini. Vijana wa hapa hapa Mombasa wametengeneza picha, na wakaweka siku ya kina mama peke yao, adhuhuri, katika ukumbi mmoja upande wa Kizingo. Nikamuuliza Becky, "Kuna mambo ya haya ndani yake?" Akanijibu, "Mama Abdul, ni habari ya mke wa nyumbani tu. Anapika, anafua." Mahfudha akadakia, "Kupika na kufua hata kwangu kupo, niende Kizingo kutazama?" Lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kujifunga buibui. Nikamshika Tumu mkono nikamwambia twende, ukapunge upepo. Alikubali baada ya kupika, kupasha, kufunika, na kumwachia babako maagizo kuwa asilifunue kawa. Tukapanda tuktuk mbili.

Picha yenyewe ni hivi. Kuna mke yuwakaa katika nyumba kubwa kule Kizingo, miti uani, gari mlangoni. Mumewe ni mtu wa ofisi. Tangu asubuhi huyu mke yuwashughulika: watoto, nguo, meza, maua. Wageni wakija humsifu, na kila akisifiwa hukaza kilemba chake kidogo. Siku zapita hivyo. Mahfudha akaanza kuchoka. "Ngoja," aninong'oneza, "sasa hivi mutamuona mke wa pili akiingia na sanduku." Hakuingia. "Basi mume atampiga." Hakumpiga. Mume hakuwa mtu mbaya, Abdulhalim, na hilo ndilo lililonikata maini. Humletea vitambaa, humwambia ahsante, hula akashiba akaenda zake. Hapana aliyemfanyia ubaya mke yule. Nyumba yang'aa, na yeye yuwazimika ndani yake kama taa inayokwisha mafuta.

Mwisho siku moja mume arudi, akuta nyumba kimya. Aingia chumbani. Mkewe amelaza nguo zake kitandani kama mtu aliyelala: kofia juu ya mto, shati, suruali, soksi kule chini. Na yeye amekaa kando yake na kipepeo cha ukindu, azipepea nguo zile, taratibu, asimuone mwenye nguo aliyesimama mlangoni.

Ukumbi ukacheka. Wanawake kwa furaha yao, wengine wakapiga na makofi. Mahfudha akasema kwa sauti, "Mashetani hayo! Mbona hawamwiti fundi wa pepo akampunga?" Hata mimi nilikuwa nishafungua kinywa kucheka, nikakumbuka zile kanzu zako na pasi.

Ndipo nikamsikia Tumu. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayejibu swali alilokuwa akiulizwa tangu zamani: "Hana wazimu huyo. Hakuna aliyemwambia neno basi."

Waliokuwa mbele yetu wakageuka. Becky akamwekea mkono begani. Mimi nikaushika mkono wake gizani, ngozi imepasuka kwa sabuni, baridi kama samaki wa barafu. Hakuuondoa. Tukaitazama picha mpaka mwisho tumeshikana hivyo. Na mwisho wake ni kitu kidogo tu. Yule mume avua viatu, aketi chini sakafuni na nguo zake nzuri, apokea kile kipepeo kutoka mkononi mwa mkewe, akaanza kumpepea yeye. Basi, taa zikawaka.

"Ndiyo imekwisha?" Mahfudha akauliza. "Bila hata mke wa pili?" Lakini buibui lake lilikuwa limelowa machozi mpaka kidevuni, na njiani kurudi hakutania mtu, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nimjue.

Tulipofika nyumbani Tumu akaenda moja kwa moja mezani kutazama kawa. Nikamfuata. Nikamwambia, "Mwanangu, tukile sisi leo, mimi na wewe." Nikanyoosha mkono. Akaushika mkono wangu kwa adabu, akanambia, "Mama, niwie radhi. Mwenyewe hajasema." Nikaurudisha. Tukakaa pale wawili tukilitazama lile kawa kama watu wanaomlinda mgonjwa.

Siku ya pili yake Becky akaomba ruhusa kazini, tukampeleka kwa daktari, mwanamke mpole, ana wanawe na yeye. Babako alituunga mkono. Mahfudha alipoleta tena habari ya fundi, alimjibu, "Daktari na dua haviteti, bibi we. Fundi wako mpeleke akapunge paka wa chini ya ngazi." Daktari alikaa na Tumu faragha muda mrefu, kisha akaniita. Akanieleza kuwa haya ni maradhi kama maradhi mengine, akili nayo huchoka ikaumwa kama mgongo. Ana dawa ya kumpa usingizi, na arudi kuzungumza naye kila wiki. Lakini kubwa, asema, atoke kwenye ile nyumba kwa muda, akae mahali ambapo hadaiwi kazi na mtu, wala yeye hajidai. Penye mamake, ikiwezekana. Vanga kwao si mbali, Becky asema atakuwa akimleta kliniki.

Nikaona faraja. Nikamwambia Tumu, "Nitakufungia nguo mimi mwenyewe. Nenda kwa mamako ukalale, ule samaki wa kwenu, ukasukwe nywele." Akanitazama, Abdulhalim, machoni mna hamu mpaka nikaona huruma. Kisha akasema, "Nitakwenda, Abdulhalim akinipa ruhusa."

"Mimi mamake nakupa."

"Wewe hukuniachia nyumba, mama. Aliyeniachia ni yeye."

"Basi muombe! Si wazungumza naye kila jioni?"

Akashtuka kama aliyeambiwa avue nguo sokoni. "Nimwambie amana yake imenishinda? Yuko jua kali kule, nami huku nimekaa kivulini nimechoka na nini?"

Babako alijaribu. Akamwita, akamkalisha, akamwambia mimi ni baba wa nyumba hii nakufungulia. Alimbusu mkono, akasema ahsante baba, akaenda kuosha ngazi.

Basi ndivyo tulivyo, mwanangu. Dawa amezianza, usingizi waja kidogo, lakini daktari asema dawa peke yake ni kama kufagia mchanga upepo ukivuma. Na Ramadhani hiyo yaja. Namjua Tumu: atataka kufutarisha mtaa mzima kwa mkono mmoja. Nachelea mwezi huo umkute humu ndani. Nachelea sana.

Nakuomba, usisome haya ukasema mke wangu amerukwa na akili. Hakurukwa. Wala usimpigie kwa ukali ukamuuliza mbona hukunambia. Wala usijione mkosa, hukufanya ovu, umekwenda kutafuta riziki ya halali. Na usiseme utamtumia mtu wa kumsaidia kazi, kwa maana atampikia na huyo.

Sitaki uache kazi uje mbio, kama mkataba haukuruhusu. Nataka kitu ambacho hakipandi ndege. Watu wa zamani walisema amana haishuki begani mpaka mwenyewe aipokee, na mwenyewe ni wewe. Mimi nimejaribu kuishusha, babako amejaribu, hatuna mkono huo. Mwite kwa jina lake. Mwambie mama amenieleza kuwa umechoka, na kuchoka kwako ni kwa heshima. Mwambie, "Tumu, basi. Nyumba umenitunzia, nimeipokea. Nenda kwa mamako, na Ruweida mchukue, mkae mpaka wewe mwenyewe useme nataka kurudi." Na lile fungu lako, mwambie nimekula, nimeshiba. Useme hivyo hivyo, nimeshiba. Mtumie kwa sauti, ili akiwa na shaka aweze kuisikia tena.

Kwa mamake Vanga nimeshapeleka salamu, chumba kimefagiliwa. Nguo zake na za Ruweida nimezifunga kwenye lile begi lako la zamani, nimeliweka chini ya kitanda changu. Tumu aliliona alipokuwa akipiga deki. Hakulifungua wala hakunirudishia. Alipiga deki akalizunguka. Mimi nimeshika matumaini pale pale.

Mwambie Masha ahsante kwa kunibebea barua, na unisalimie wenzako wote munaolala chumba kimoja, hata yule wa Kilifi akoromaye. Babako akuombea kila baada ya sala, Ruweida akukumbusha baiskeli, Becky na Mahfudha wakusalimu mara ya pili. Mwenyezi Mungu akulinde na winchi, na jua, na watu wasio na huruma, akurudishe mlango huu huu ulioutokea, utukute sote tukikusubiri tukiwa tumeshiba na tumelala.

Niandikapo haya ni saa ya alasiri. Tumu yuko jikoni, nasikia mbuzi ya nazi yakwaruza. Baada ya kitambo ataingia na sahani yako, na kawa litashuka juu yake. Natamani siku moja nilione limetundikwa ukutani kama makawa ya watu wengine. Basi Masha akikupa barua hii, usingoje siku ya mapumziko, usingoje maneno mazuri. Jibu upesi, mwanangu, siku hiyo hiyo.

Ni mimi mamako nikupendaye kwa maziwa na kwa dua,

Fadhiya